Uso wa Jani la Chuma

Johannesburg, 6 Machi 2016

Yaya Léo,

Kaa chini kwanza, dada yangu, ndipo usome. Nimepata kazi. Si geti, si grili ya dirisha, si kitanda cha mtu kilichovunjika mguu. Ni kazi ya chuma chenyewe, ya moto na nyundo, kama ile ya Papa.

Kuna nyumba hapa mjini, mtaa wa Kensington, juu ya kilima, aliyoijenga mhandisi mmoja Mbelgiji enzi za dhahabu. Nilipofika nilisahau hata kusalimu. Mlango una vioo vya rangi, ngazi ni za mawe, na mbele, ghorofani, palikuwa na roshani ya chuma iliyotoka Ulaya kwa meli. Nasema palikuwa. Wezi wa vyuma chakavu waliikata wakati nyumba haina mtu, wakaipakia kwenye mikokoteni, wakaenda kuiuza kwa kilo. Kilichobaki ni kipande cha kona, urefu wa mkono wangu. Kipande hicho tu, Yaya, na nimekitazama mpaka shingo ikaniuma. Ni shina la mmea unaotambaa. Linaanza nene kama kidole gumba, linakwenda likikonda bila kukatika, linapinda, linarudi nyuma kama limesahau kitu, halafu linaishia kwenye ncha nyembamba kabisa. Hakuna doa hata moja la kuchomelea. Kila nondo mbili zinapokutana pana pete ya chuma, imevishwa ikiwa moto, ikapoa na kujibana yenyewe. Unazikumbuka pete za Papa? Nilidhani zimekufa na baba yetu.

Mwenye nyumba anaitwa Mama Nomsa, daktari wa meno. Nilianza kumsemesha kwa Kiingereza changu cha mtaani kwetu Mayfair, akanikatiza: "Eish, wewe Mkongo, unajitesa bure. Sema Kiswahili." Kumbe amezaliwa Morogoro. Baba yake alikuwa uhamishoni huko wakati wa siasa za ubaguzi, akaoa Mluguru. Halafu akanitazama kama anayengoja kitu. Nikamwuliza kuna nini. "Kwetu Morogoro mdogo humwamkia mkubwa." Basi sasa kila asubuhi mimi, mtoto wa Lubumbashi, nasema shikamoo kama nimezaliwa milimani Uluguru.

Anataka roshani nzima upya. Picha ya zamani haipo, kwa hiyo ameniambia nifue ifanane na ndugu zake, roshani zilizobaki Ulaya. Nami nikajigamba palepale: dada yangu anakaa Bruxelles, Ubelgiji kwenyewe, yuko ofisini, mtaa wake umejaa roshani za namna hiyo. Usiniangushe. Lakini picha ya simu haitoshi, haina kipimo. Fanya kama Papa alivyokuwa akifanya kwenye grili za kanisa: weka karatasi juu ya chuma, sugua kwa makaa mpaka umbo litoke lenyewe, kwa ukubwa uleule. Majani yaliyochomoza yachore kwa mkono. Mkono wako ulikuwa mzuri kuliko wangu, hilo nakubali kwa sababu uko mbali.

La mwisho ndilo kubwa. Murielle amekubali. Wazazi wake wako hapahapa Johannesburg na wanataka mambo yafanywe inavyotakiwa. Unajua kwetu: kijana asiye na wazazi husemewa na dada yake mkubwa siku ya mahari. Mimi sina mwingine. Nimewaambia wasubiri mpaka uje. Njoo, Yaya. Nilikuwa sijaanza kunyoa ndevu ulipoondoka. Na hiyo kamera ya simu yako itengeneze basi, kila nikikupigia ni sauti tu, kama nasikiliza redio.

Mdogo wako,
Alexis

*

Bruxelles, 10 Aprili 2016

Alexis,

Nimekaa, nimesoma, nimesimama, nimecheka, nimekaa tena. Mhunzi wa shikamoo! Huyo Mama Nomsa nimempenda kabla sijamwona. Mwambie akikukuta umelala kazini akumwagie maji, nimempa ruhusa.

Murielle nimemwona katika picha uliyotuma. Macho yake yanasema hatakubembeleza. Vizuri. Nilikubembeleza mimi, na ona ulivyokuwa.

Sasa roshani. Mdogo wangu, watu wa hapa wanapita chini ya maajabu haya wameinamia simu zao. Nyumba inayotutazama ina kereng'ende wa chuma amekunjua mabawa juu ya mlango, na mishipa ya mabawa ni nyembamba mpaka unashangaa nyundo ilipita vipi. Inayofuata ina nondo zilizosokotwa kama ususi mwembamba wa kichwani, na chini yake kimiani cha dirisha la stoo, dirisha la stoo jamani, kimetiwa maua. Nani anayetia maua kwenye dirisha la viazi? Hata kile chuma cha kukwangulia tope la viatu pale kizingitini kimekunjwa ncha zote mbili kama mkia wa kinyonga. Nikiwatazama hawa mafundi naona watu ambao hawakukubali kitu chochote kiwe cha bure. Papa angelia. Ungemkuta barabarani na kofia mkononi.

Na nyumba ninayoishi mimi ndiyo inayozishinda. Roshani yake ni mmea wenye maua mapana kama viganja, na mashina yote yameinama upande mmoja, utadhani kuna upepo ambao haujaisha tangu nyumba ijengwe. Majani yana mabonde. Mvua ikinyesha maji hukaa humo, na shomoro huja kunywa.

Nimesugua kipande kimoja kimoja, alasiri, saa ambazo nyumba huwa kimya. Makaa nimeyatoa kwenye meko ya sebuleni. Karatasi nimeziunganisha kwa gundi, usizikunje tena. Nilipoweka kiganja juu ya karatasi na umbo likaanza kutoka jeusi, nilisikia harufu ya karakana yetu. Kweli kabisa, naapa.

Nitakuja. Mwaka huu kazi hainipi nafasi. Mwaka kesho, Mungu akipenda. Msalimie mkweo mtarajiwa na umwambie asiniharakishe.

Dada yako,
Léocadie

*

Johannesburg, 29 Mei 2016

Yaya,

Zimefika! Nimezitandaza kwenye sakafu ya karakana, zikaenda kutoka ukutani mpaka mlangoni. Karakana yenyewe iko nyuma ya duka la Khatibu, Mzanzibari anayeuza viungo hapa Mayfair. Yeye hana neno na moshi wangu, ila kwa sharti moja: adhana ikilia nyundo inyamaze. Kwa hiyo chuma changu hupoa nikiwa nakitazama, na mara nyingi nimegundua nilikuwa karibu kukosea. Khatibu mwenyewe aliingia, akavua viatu ili asikanyage michoro, akazunguka taratibu. "Hii ni kazi ya mtu mmoja?" akaniuliza. Nikamwambia ni ya watu wawili, Mzungu aliyefua na dada yangu aliyesugua. Nimejivuna mpaka nikaona aibu.

Lile shina kuu, Yaya! Nimelifuata kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho. Mahali linapogawanyika halikukatwa, limepasuliwa likiwa moto, kama unavyopasua muwa. Hapo fundi hakupata nafasi ya pili. Nimejaribu mara kadhaa nimeharibu, na kila nikiharibu namheshimu zaidi yule marehemu.

Lakini nina swali. Papa alikuwa na sheria, unaijua: jani hugongwa kwa nyuma, uso uvimbe mbele, na uso umtazame mgeni anayekuja. Katika michoro yako majani yamebonyea mbele. Maua pia. Mtu wa barabarani anaonyeshwa bonde. Sijawahi kuona hivyo. Je, ukisimama ng'ambo ya barabara ukatazama juu, ndivyo unavyoona?

Nijibu kabla sijawasha moto wa majani. Na ile kamera?

Alexis

*

Bruxelles, 26 Juni 2016

Alexis,

Nani aliyekuwa akivuta mvukuto kwa Papa wakati wewe ulikuwa unatafuna makaa ukidhani ni peremende? Leo unaniuliza mimi kama nimeona vizuri?

Roshani hii naitazama kila siku aliyoiumba Mungu. Mabonde hayo nayapangusa kwa mkono wangu, jani kwa jani. Wazungu hawa walikuwa na mitindo yao, na Papa, Mungu amrehemu, hakufika huku.

Fua kama nilivyochora. Kamera bado.

Léocadie

*

Randburg, 9 Oktoba 2016

Dada Léocadie,

Hunijui ila kwa picha, na mimi sikujui ila kwa sifa. Naitwa Murielle. Nasuka nywele katika saluni hapa Randburg na barua hii naiandikia kwenye kiti cha wateja, mvua imewazuia.

Alexis hajui kama nakuandikia. Anwani nimeichukua nyuma ya bahasha yako.

Nataka kwanza nikusifu, kwa sababu nitakulaumu baadaye. Jumamosi nilikwenda Mayfair nikiwa nimekasirika, maana ahadi yetu ya chakula ilikuwa imepita. Nikamkuta anafua jani. Amelilaza juu ya gogo lililochimbwa shimo, analigonga taratibu, analigeuza, analisogeza kwenye mwanga wa mlango, analirudisha tena. Nilimwita hakusikia. Mikono yangu mimi inajua kazi ya kurudia kitu kimoja mpaka kiwe kizuri, lakini sijawahi kuona mtu akikibembeleza chuma. Hasira ikaniisha. Nikakaa kwenye ndoo nikamtazama mpaka akamaliza, na nikajua sitaolewa na mwingine. Aliponiona akasema, "Yaya amesema yabonyee." Hakusema nimechelewa, hakusema samahani. Yaya amesema.

Sasa lawama. Wazazi wangu wamengoja. Kaka yangu Cédric anasema huyo dada hayupo, Alexis amemtunga ili asioe. Mimi najua upo. Lakini Alexis amekataa mtu mwingine yeyote amsemee, hata mchungaji. Anasema wewe ulimlea, na bila wewe atakuwa kama mtoto wa kuokotwa mbele ya wakwe. Naomba neno moja tu: lini? Kama kuna jambo, niambie mimi. Mimi si mtu wa kuvunjika kirahisi.

Mdogo wako nikiruhusiwa,
Murielle

*

Bruxelles, 15 Januari 2017

Murielle mdogo wangu,

Umeruhusiwa. Mtu anayekaa kwenye ndoo kumtazama mume akifanya kazi ni wa kwetu tayari.

Agosti. Mwambie Cédric anitafutie kiti kizuri.

Léocadie

*

Bruxelles, 2 Agosti 2017

Alexis, Murielle,

Sitaweza mwezi huu. Ni kazi. Nisameheni, najua mmeshawaambia watu. Nitawaeleza.

Léocadie

*

Johannesburg, 19 Novemba 2017

Yaya Léo,

Barua yako ya Agosti sikuijibu. Nilikuwa na hasira, na nikaipeleka kwenye fuawe, kwa hiyo roshani ilimalizika mapema. Ukumbi tulikuwa tumeshaulipia, mama yake Murielle alikuwa ameshashona nguo. Murielle mwenyewe alikwenda kuwaambia wazazi wake, akarudi, akanipikia. Hapo ndipo nilipoona vibaya zaidi.

Lakini sikuandikii kwa ajili hiyo. Nakuandikia kwa sababu juzi tumeipandisha.

Tuliivuta kwa kamba na mnyororo, vijana wa jirani wakishika huku na huku, Mama Nomsa akitoa amri kama nahodha. Ilipokaa mahali pake nilivuka barabara nikageuka. Yaya, acha nijisifu. Shina linapanda kutoka kona ya zamani, kile kipande kilichobaki, na huwezi kuona Mzungu alipoishia na mimi nilipoanzia. Mashina yote yanainama na ule upepo wako. Mabonde ya majani yanashika kivuli, kwa hiyo kila jani lina weusi wake ndani, na jua likisogea weusi unasogea. Mwenye bakkie, pikapu za huku, alisimamisha gari katikati ya barabara, waliokuwa nyuma wakapiga honi, akawaambia wangoje. Mama Nomsa alilia wazi bila kujificha. Nami nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Halafu nikapanda juu kukaza bolti.

Nilifungua mlango wa roshani nikiwa na spana mkononi, na maua yakanitazama. Sijui niseme vipi. Kutoka ndani yalikuwa yamevimba, yamejaa, kila petali na mshipa wake, kila jani na mgongo wake wa katikati uliosimama. Uso, Yaya. Uso wote ulikuwa ndani. Nilikuwa nimefua roshani nzima nikaifunga nyuma mbele.

Nilikaa sakafuni. Nilijua palepale, na kama ningekuwa na akili ningejua tangu mwaka jana. Papa hakukosea, wala yule Mbelgiji hakukosea. Wewe ulichora ulichokiona, na ulikiona kutoka ndani. Nyumba zote za mbele yako ulizisimulia kwa uso wake, kereng'ende na ususi na mkia wa kinyonga. Ile yako peke yake ulinipa mgongo. Na swali langu la ng'ambo ya barabara hukulijibu, ulinigombeza tu. Halafu nikakumbuka neno lako: nayapangusa kwa mkono wangu, jani kwa jani. Mtu wa ofisini hapangusi majani ya roshani, Yaya. Na kamera isiyopona karibu miaka miwili si kamera mbovu.

Sikuandiki nikuulize. Wewe ni mkubwa wangu, utasema ukitaka. Nataka ujue tu kwamba nimejua, na kwamba hasira yangu imekwisha. Nilidhani hutaki kuja.

Nilishuka kumwambia Mama Nomsa kuwa nimekosea, nitaishusha yote nigeuze. Akapanda, akavua viatu, akakaa palepale nilipokuwa nimekaa, akapitisha vidole kwenye ua moja. Kisha akasema, "Bibi yangu, mama wa baba, alifanya kazi katika nyumba za kilima hiki maisha yake yote. Vyuma kama hivi alivipangusa kutoka ndani. Zama zile, Mwafrika akisimama barabarani kukodolea macho nyumba ya watu, aliitiwa polisi. Kwa hiyo alijua mgongo tu." Akainuka. "Usiguse hata pete moja. Watu wa nje watosheke na mgongo, mbona wameupenda? Uso ubaki kwa anayepangusa."

Roshani iko juu, Yaya, na kila mtu anaipenda, na wewe ndiye uliyeikosea pamoja nami. Sijawahi kufua kitu kizuri hivi. Sidhani kama nitafua tena.

Mdogo wako,
Alexis

*

Bruxelles, 14 Januari 2018

Alexis,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, na sikukaa.

Ni kweli. Naishi katika nyumba hii, hapo sikudanganya. Nina chumba changu juu kabisa, chini ya paa. Namtunza bibi kizee, Madame, ambaye hawezi kushuka ngazi. Namwogesha, namlisha, nampangusia roshani kwa sababu ndiyo bustani yake. Alasiri hulala, ndipo nilipokuwa nikikusugulia michoro. Ni mwema. Kibali cha kuishi nchi hii sina. Binti yake ameniombea, nimeitwa, nimeambiwa ningoje, nimeitwa tena. Agosti niliamini kitatoka. Nikiondoka bila kibali sirudi, na Madame hana mwingine, na mimi sina pengine pa kupatia riziki. Ofisi niliitunga siku ya kwanza nilipokupigia simu, kwa sababu ulikuwa unalia na mimi nilikuwa dada.

Kutoka, natoka. Natoka alfajiri kwa mlango wa stoo, naenda dukani na uso chini, narudi upesi. Mwanamke mweusi asiye na kibali hasimami kwenye lami kuitazama nyumba ya matajiri. Askari akipita atauliza, na akiuliza nimekwisha. Nimekaa humu miaka yote hii sijui sura ya nyumba yangu mbele. Uliponiuliza lile swali nilikasirika kama niliyevuliwa nguo.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jana, saa sita mchana, jua lilitoka, jambo la nadra hapa. Nilivaa koti langu la kanisani. Nilitokea mlango wa mbele. Nikavuka barabara, nikasimama chini ya kereng'ende, nikageuka, nikainua kichwa.

Yamejaa, Alexis. Maua yamejaa kama mashavu ya mtoto. Lile jani la pembeni ninalolilalamikia kwa sababu maji yake hayakauki, kumbe mbele lina mdudu. Mdudu mdogo wa chuma anatembea juu ya mshipa, na nyuma hana dalili yoyote. Fundi alimtia kwa furaha yake tu. Nilicheka kwa sauti barabarani. Na petali za katikati hazikufunguka zote, moja bado imejikunja, na kule ndani mimi nilidhani ni chuma kilichopinda kwa uzee. Nimeipangusa kwa kuihurumia miaka mingi! Nilisimama mpaka miguu ikaganda. Mzee mmoja mwenye mbwa alisimama kando yangu, akatazama nilipotazama, akasema amekaa mtaa huu tangu utotoni na hajawahi kuinua macho. Tukatazama pamoja. Askari hakupita. Angepita, nadhani ningemwonyesha na yeye.

Nilirudi ndani nikamweleza Madame kuhusu mdudu. Alikuwa anamjua. Mume wake alimwonyesha siku ya harusi yao.

Sasa nakuamuru kama mkubwa wako. Usimngojeshe tena Murielle. Sijui kibali kitatoka lini, na mtu hangojeshwi kwa kitu ambacho hata mwenyewe sikijui. Mwombe Mama Nomsa asimame mahali pangu. Anajua Kiswahili, anajua heshima, na alikufahamu kabla hujamaliza sentensi. Mwambie nimemkabidhi wewe.

Léocadie

*

Johannesburg, 22 Aprili 2018

Yaya,

Nimeoa. Wewe uliamuru, mimi nikatii, ingawa nilibisha siku nyingi na Murielle akanishinda.

Shughuli ya mahari tuliifanya nyumbani kwa Mama Nomsa. Wakwe walipofika kila mmoja alisimama barabarani kwanza. Baba mkwe alisahau kukasirika. Mama Nomsa alivaa kitenge alichoazima kwa Murielle na alikuwa amejifunza maneno yote. Sasa msemaji wao, mjomba mmoja mwenye sauti ya mahakamani, akauliza kama inavyotakiwa: "Huyu kijana ametoka kwa nani? Dada yake tuliyeahidiwa yuko wapi?" Cédric akatazama viatu vyake. Nami nikamtazama Mama Nomsa.

Mama Nomsa akasema, "Dada yake yuko ndani. Twendeni niwaonyeshe." Akawapandisha ghorofani wote, wazee na fimbo zao, akafungua mlango wa roshani. Maua yale yakawatazama. Akawaambia: "Haya mnayoyaona ni mkono wake. Aliyaona kutoka nyuma, akiwa kazini, mbali, akamtumia ndugu yake. Sisi huku tumepewa uso ambao yeye hakuwa nao. Nani kati yenu ana dada wa namna hiyo?" Yule mjomba alivua kofia. Hakuuliza tena swali lolote, na alikuwa amejiandalia mengi.

Mdudu wako nimemtia. Yuko kwenye jani la pembeni, upande wa ndani. Watoto wamemvumbua kabla ya wakubwa.

Kuna jambo nililokuficha, nawe usidhani wewe tu ndiye unayejua kuficha. Jani moja sijaligonga. Liko katikati, chini ya ua kubwa. Nimelikata, nimelifunga mahali pake, lakini ni bapa kama lilivyotoka kwenye bati. Mama Nomsa anajua na amekubali. Papa alikupa mvukuto kwa sababu alisema nyundo si ya msichana. Mimi nilipewa nyundo bila kuiomba, na wewe ulikuwa fundi kunishinda. Jani hilo ni lako. Linafunguka kwa pete mbili, moto utawashwa siku utakayofika, hata kama nitakuwa na mvi. Mtu mwingine hataligusa.

Murielle anasema nikuambie yuko vizuri na kwamba ile ndoo ameipaka rangi, ndiyo kiti chake rasmi.

Mdogo wako,
Alexis

*

Bruxelles, 10 Machi 2019

Alexis, Murielle,

Madame alifariki Novemba, usingizini, dirisha likiwa wazi kwa sababu alitaka kusikia shomoro. Nimemlilia kama mama. Kibali kilitoka baada ya mazishi, na binti yake ndiye aliyekuja nacho mwenyewe, kwa mlango wa mbele. Visa ya kwenu nimegongewa juzi.

Nafika Pasaka. Makaa yawe ya kutosha na nyundo iwe nyepesi, mkono wangu umezoea kitambaa. Nitaharibu jani la kwanza, mniandalie la pili.

Nina ombi moja. Msinipeleke ndani moja kwa moja. Nishusheni ng'ambo ya barabara na mniache hapo na sanduku langu. Nataka kusimama mchana kweupe mbele ya nyumba ile, nitazame juu muda wowote ninaoutaka, bila kuulizwa na mtu. Nitaona mgongo ninaoujua kwa moyo. Nikishiba nitawaita, nanyi mnipandishe nikaone uso.

Dada yenu,
Léocadie